Pimbi, ng'ombe wa nundu na mama Msandawe: DNA inajuaje nani ndugu ya nani?

SWALI: Mwanangu daktari, mimi ni mfugaji, naishi Chamwino. Mjukuu wangu yuko kidato cha tano. Amekuja likizo akaniambia kwamba pimbi hawa tunaowaona kwenye majabali ni ndugu wa tembo, na kwamba DNA ndiyo imethibitisha. Nikacheka, maana kwa macho yangu pimbi anafanana na sungura. Akaongeza kuwa ng'ombe na watu nao hupimwa hivyo hivyo, asili yao ikajulikana. Baba yangu alikuwa Mgogo, mama ni Msandawe wa Kwamtoro. DNA inajuaje mambo ya zamani ambayo hakuna aliyeyaona? Na nikipimwa mimi, au ng'ombe wangu, nitaambiwa nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu hajakudanganya, ila amekupa jibu bila njia iliyolifikia, na njia ndiyo yenye utamu. Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya mifugo, kwa hiyo tukifika kwenye ng'ombe utanivumilia nikikaa kidogo. Nianze na pimbi, kwa kuwa ndiye aliyekuchekesha.

Kicheko chako kina msingi. Wataalamu wa wanyama kwa miaka mingi walifanya kama ulivyofanya wewe: walitazama meno, miguu, pua na mifupa, wakawaweka pamoja wanaofanana. Njia hiyo imetupa mengi na hadi leo inatumika. Shida yake ni kwamba maisha ya aina moja huzaa maumbo ya aina moja. Mnyama anayeishi kwa mchwa atahitaji ulimi mrefu na makucha ya kuchimbia, awe ametoka ukoo wowote ule. Ndiyo maana muhanga aliwahi kupangwa pamoja na wala mchwa wa Amerika Kusini, na sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, akapangwa na kirukanjia. Wote wawili waliwekwa kwa watu wasio wao.

DNA tunaisoma kwa namna nyingine. Ni maandishi marefu yaliyomo ndani ya seli, yana herufi nne tu, A, C, G na T, na kwa binadamu yanafika kama bilioni 3. Kila uzazi unakuja na kunakili, na kunakili hakukosi makosa. Mtoto wa binadamu huzaliwa na makosa mapya 60 hadi 70 hivi, ambayo hayakuwepo kwa baba wala kwa mama. Mengi hayamsaidii wala hayamdhuru. Yanakaa tu humo, na baadhi yake atawaachia wanawe, nao watawaachia wao.

Muulize mwalimu yeyote anayesahihisha mitihani. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi lile lile, hana la kusema, kwa sababu darasa zima lilifundishwa hivyo. Lakini wawili wakiandika kosa moja la ajabu, mahali pale pale, anajua kuna mmoja aliyechungulia kwa mwenzake. Nasi ndivyo tunavyofanya. Herufi ambazo pimbi na tembo wanazo sawasawa na ng'ombe, simba na mbwa haziwezi kutuambia lolote kuhusu undugu wa hao wawili, kwani zimetoka kwa mhenga wa wanyama wote wanyonyeshao. Tunachotafuta ni mabadiliko waliyo nayo wao na wengine hawana.

Na yamepatikana. Kuna jeni, yaani kipande cha DNA chenye kazi yake, iitwayo BRCA1, ambayo madaktari wanaijua sana kwa sababu hitilafu zake huongeza hatari ya saratani ya matiti. Mwaka 2001 watafiti waliolinganisha jeni hiyo kwa wanyama wengi walikuta ukoo mmoja wa ajabu: tembo, pimbi, nguva, muhanga na sange wamepungukiwa herufi 9 mahali pale pale, wakati wanyonyeshao wengine wanazo. Herufi hizo zingeweza kudondoka kwa bahati mbaya kwa tembo, zikadondoka tena kwa pimbi, tena kwa muhanga, kila mmoja peke yake na kwenye nukta ile ile? Ni vigumu kuamini. Rahisi zaidi ni kwamba zilidondoka mara moja kwa mhenga mmoja, na wote wakarithi pengo lake. Jeni nyingine nyingi zilipopimwa zilisema hivyo hivyo. Kundi hilo lilikuwa limeshapewa jina la Afrotheria mwaka 1998, kwa kuwa lilichipukia Afrika wakati bara letu likiwa limezungukwa na bahari pande zote. Ndani yake, tembo, nguva na pimbi ndio walio karibu zaidi. Mhenga wao anakadiriwa kuishi miaka kama milioni 60 iliyopita, si muda mrefu baada ya dinosauri kutoweka.

Niwape haki yao waliochunguza miili: baadhi yao walimshuku pimbi kabla DNA haijasomwa na mtu. Ukimpata aliyekufa, mfunue mdomo. Meno mawili ya mbele ya juu yamechongoka na huendelea kuota maisha yote, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele ya juu. Korodani za dume hubaki tumboni, kama za tembo. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi 7, kwa mnyama ambaye kwa kawaida hazidi kilo 5, wakati sungura huzaa baada ya mwezi mmoja. Wengine waliyaona yote hayo na bado wakambishia, wakampanga na farasi. Mjukuu akisema "ndugu" basi elewa hivi: miongoni mwa wanyama walio hai leo, hakuna walio karibu na tembo kuliko pimbi na nguva. Haina maana kwamba pimbi alikuwa tembo akanywea. Mhenga wao hakuwa pimbi wala tembo.

Hapo ndipo vitabu vya shule huishia, na mimi naona wanaishia kabla ya mahali penyewe. Maana ukisoma vitabu hivyo utadhani DNA ni kitu kimoja chenye jibu moja. Ukweli ni kwamba kila kipande cha DNA kina nasaba yake. Jeni hii umeipata kwa bibi mzaa baba, ile ya pili yake kwa babu mzaa mama. Ukichora mti wa kila jeni peke yake, miti hiyo haitalingana. Jenomu ya gorila, yaani DNA yake yote kwa jumla, ilipochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba kwa jumla sokwe mtu ndiye aliye karibu zaidi nasi, lakini katika asilimia 30 hivi ya jenomu, gorila yuko karibu na mmoja wetu, binadamu au sokwe mtu, kuliko sisi wawili tulivyo karibu. Hakuna kosa la maabara hapo. Wahenga wetu walikuwa kundi kubwa lenye nakala tofauti za kila jeni, makundi yakatengana kabla nakala hizo hazijapungua kubaki moja, na kila upande ukaondoka na mchanganyiko wake. Kwa hiyo tunapotamka kwamba spishi fulani, yaani aina moja ya kiumbe, ni ndugu wa nyingine, tumehesabu jeni maelfu na kuangalia nyingi zinaelekea wapi. Anayekuletea jibu la jeni moja, msikilize kwa adabu na umsubiri alete nyingine.

Mfano bora wa jambo hili hauko mbali nasi. Mwaka 2003 watafiti katika misitu ya Mlima Rungwe walifuatilia kima ambaye Wanyakyusa walimjua kwa jina la kipunji. Mwaka 2005 alitangazwa kwa sayansi kwa kutumia picha tu, akawekwa kwenye kundi la mangabei, kima wa misituni, kwa sababu umbile lake lilielekea huko. Kisha kipunji mchanga akakutwa amekufa kwenye mtego ambao mkulima aliutega shambani mwake kulinda mahindi. Mnofu wake ukasomwa, na DNA ikamweka karibu na nyani kuliko mangabei. Mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi za karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika baada ya miaka 83.

Wengi husimulia hadithi hii na kukomea hapo, sura imeshindwa na DNA imeshinda. Lakini iliendelea. Ndani ya seli kuna viungo vidogo vya kutengeneza nguvu, mitokondria, vyenye DNA yao fupi ambayo tunairithi kwa mama peke yake. Mitokondria ya kipunji wa Rungwe ilipotazamwa kwa makini, ilikutwa imo katikati ya ile ya nyani wa manjano. Ukiifuata hiyo tu, ungesema kipunji ni nyani aliyebadili koti. Kumbe kipunji wa msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa, hawana mitokondria hiyo ya nyani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zamani huko Rungwe nyani jike alizaa na kipunji dume, na binti zao wakaendelea kuzaa na kipunji kizazi baada ya kizazi. DNA nyingine ya nyani ikawa inapungua kila uzazi, lakini mitokondria haichanganyiki, ikabaki nzima. Shika jambo hilo, kwa sababu ndilo litakalotupeleka zizini kwako.

Nikija kupima ng'ombe wako sitahitaji hata sindano. Nitang'oa nywele ishirini thelathini za mkia, nihakikishe zimetoka na vishina vyake, kwani DNA nyingi iko kwenye kishina na nywele iliyokatwa kwa mkasi hainisaidii. Nitazitia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu yake jina la ng'ombe, umri na mama yake ni yupi. Mfuko wa nailoni siutaki, unyevu huozesha. Maabara tunakata vishina, tunavilowesha usiku kucha kwenye dawa yenye sabuni na kimeng'enya kinachosaga protini, kisha tunatia chumvi na alkoholi baridi. Kama tungetumia damu nyingi ungeona nyuzi nyeupe zikiibuka kwenye kijichupa. Kwa nywele huoni kitu, nao wanafunzi wangu wapya hudhani wameharibu kazi. DNA ipo, ni chache tu, na mashine huinakili hadi ikatosha kusomwa.

Sasa ng'ombe wako wa asili wana nundu, sivyo? Ng'ombe walifugwa kwanza mahali pawili tofauti. Wasio na nundu walifugwa Mashariki ya Kati, miaka kama 10,000 iliyopita. Wenye nundu walifugwa Bonde la mto Indus, upande wa Pakistan na India ya leo, baadaye kidogo. Wahenga wao wa porini walikuwa wameshatengana miaka laki kadhaa kabla ya mtu yeyote kufunga kamba shingoni mwa ng'ombe, hivyo DNA zao zinatofautishwa bila shida. Mtu angetarajia ng'ombe wa nundu wa Ugogo awe na mama Mhindi. Miaka ya 1990 mitokondria za ng'ombe wa nundu wa Afrika zikasomwa, na hazikuwa za Kihindi. Zilikuwa za ng'ombe wasio na nundu. Kisha ikasomwa kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana dume, na kwa wengi wa Afrika Mashariki hiyo ikakutwa ni ya nundu, ya Kihindi.

Mfugaji hahitaji daktari amweleze hapo. Ukitaka kubadili kundi zima hununui majike mia, unaleta dume moja. Madume ya nundu, au mbegu yake, yaliingia kutoka ng'ambo, yakapanda majike yaliyokuwepo hapa tangu wafugaji wa kwanza, na ndama waliostahimili jua na kiu wakapendwa zaidi. Jike la wenyeji limesahaulika kwa sura, limebaki kwenye mitokondria.

Lilikuwa lini? Hapa pana ufundi ninaoupenda. Katika kila uzazi, DNA ya baba na ya mama hukatwa na kuunganishwa upya. Mchanganyiko wa juzi huacha vipande virefu vya Kihindi visivyokatika. Mchanganyiko wa zamani huacha vipande vifupi vifupi, kwa kuwa vimekatwa vizazi vingi. Ukipima urefu wa vipande unapata idadi ya vizazi. Utafiti wa jenomu za ng'ombe wa Afrika uliochapishwa mwaka 2020 ulipata kwamba mchanganyiko mkubwa ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita, enzi ambazo majahazi yalikuwa yanapishana kati ya pwani yetu na Asia. Na kama una damu ya ng'ombe wa Mpwapwa zizini, utaona picha mbili kwa pamoja. Ng'ombe hao walitengenezwa kwenye kituo cha Mpwapwa katika karne iliyopita kwa kuchanganya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi pamoja na zebu (ng'ombe wa nundu) wa hapa, Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya. Kwa hiyo utakuta Uhindi wa zamani uliokatika vipande vidogo, na juu yake Uhindi mpya wa vipande virefu.

Tukitoka kwenye spishi tukaingia kwenye makundi ya spishi moja, mambo yanabadilika. Usitafute tena herufi ambayo kundi hili wanayo wote na lile hawana hata mmoja. Utaikosa. Unachokuta ni viwango: huku nakala fulani iko kwa watu sita kati ya kumi, kule kwa wawili. Nakala moja haikwambii kitu. Ukiwa nazo nyingi kwa pamoja, zinaanza kusema.

Walionyesha hili kwa tembo. Samuel Wasser na wenzake wa Marekani walikusanya vinyesi vya tembo sehemu nyingi za Afrika, maana kinyesi kinabeba seli za utumbo na tembo haumii, wakachora ramani ya viwango hivyo. Kisha wakachukua pembe kutoka shehena kubwa 28 zilizokamatwa na kuuliza kila pembe inafanana na wapi. Matokeo yao ya mwaka 2015 hayakuwa mazuri kwetu: pembe nyingi za tembo wa savana zilizokamatwa miaka hiyo zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na baadaye chanzo kikaanza kusogea upande wa Ruaha na Rungwa, hapa jirani zetu Iringa na Singida. Pembe ilikamatwa bandari ya mbali, na bado ikasema ilizaliwa wapi.

Kuhusu mipaka ya spishi nitasema moja tu, maana watu huniuliza sana: hakuna kiwango cha tofauti ambacho ukikivuka mnakuwa spishi mbili. Twiga walihesabiwa spishi moja hadi juzi. Tafiti za DNA kuanzia mwaka 2016 zilidai ni nne, wakabishana, na mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likakubali nne. Wetu, mnyama wa taifa, ni twiga wa Kimasai.

Nakuja kwako sasa, mzee wangu, na hapa naandika kwa uangalifu, kwa sababu kuna watu wanauza majibu ambayo DNA haina.

Nikipima mitokondria yako itakuwa ya mama yako wa Kwamtoro, na ya mama yake, na ya mama yake tena, hata kama wewe unaongea Kigogo na umefuga kama baba. Kromosomu Y itakuwa ya baba, na ya babu mzaa baba, kurudi nyuma. Nyuzi hizo mbili ni nzuri kuzifuata kwa kuwa hazichanganyiki. Lakini hesabu nami. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, waliowazaa hao 8. Ukirudi vizazi 10 nafasi za wahenga zinafika 1,024. Mitokondria inamzungumzia mmoja tu kati yao, Y mmoja. Kati ya 1,022 waliobaki, waliokuachia kitu wamo kwenye DNA yako nyingine, vipande vipande, na wapo wahenga wako halali kabisa ambao hawakukuachia hata herufi moja, kwa sababu vipande vyao havikuchaguliwa katika uzazi fulani njiani. Bibi mzaa mama wa bibi yako mzaa mama kama alikuwa Mburunge aliyeolewa Usandawe, mitokondria itakwenda Uburunge, na wewe utabaki mwana wa Msandawe vile vile.

Nchi yenu inawavutia watafiti kuliko sehemu nyingi za dunia. Ndani ya eneo hilo la Kondoa, Chemba na majirani zao wa Singida na Manyara mnaishi Wabantu kama Wagogo na Warangi, Wakushi kama Waburunge na Wairaqw, Wadatoga ambao lugha yao ni ya Kiniloti, na Wasandawe wenye sauti za kidoko ambazo hazipo kwa majirani wanaowazunguka. Wahadzabe wa Eyasi nao wana vidoko, na kusini mwa Afrika kuna Wasan. Kwa miaka mingi watu waliona ni watu wamoja waliotawanywa, kwa kusikiliza vidoko tu. Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walipopima mitokondria na kromosomu Y za Wasandawe, Wahadzabe na majirani, wakachapisha mwaka 2007, walikuta Wasandawe na watu wa kusini wenye vidoko wana nasaba chache adimu kwa pamoja, ila mhenga wao wa pamoja ni wa zaidi ya miaka 35,000 iliyopita. Kati ya Wasandawe na Wahadzabe, ambao hawatenganishwi na zaidi ya kilomita 150, ni zaidi ya miaka 15,000. Yaani kilimo na ufugaji vilipofika, watu hao walikuwa wameshatengana kitambo.

Mifupa ya kale imeongeza mengine, ingawa joto letu ni adui wa DNA na mara nyingi mifupa haitoi kitu. Bahati ni mfupa mmoja mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani, ambao huihifadhi kuliko sehemu nyingine. Kutoka Luxmanda, mkoani Manyara, ilipatikana DNA ya mtu wa jamii ya wafugaji aliyeishi miaka 3,100 hivi iliyopita, na asilimia 38 hivi ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, sehemu iliyobaki ni ya Afrika. Kutoka Kisese huko Kondoa, kwenye miamba ile ile yenye michoro, na Mlambalasi huko Iringa, zilipatikana DNA za wawindaji wa zamani zaidi, zikachapishwa mwaka 2022. Wao wana asili tatu zilizochanganyika: ya Afrika Mashariki, ya kusini na ya misitu ya kati. Basi hata kabla ya jembe la kwanza kulima Dodoma, watu wa Dodoma walikuwa mchanganyiko.

Ndiyo sababu hakuna jeni ya Ugogo. Koo nyingi za Wagogo zenyewe husimulia kwamba zilitoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingine, zikakutana hapo, zikaoana na waliowakuta. Lugha mtu huibadili ndani ya vizazi viwili vitatu. Kabila huingiwa kwa ndoa, kwa kuhama njaa, kwa kulelewa. Tembo wa Rungwa tuliweza kumpa anwani, na hata binadamu tunaweza kumsogeza karibu na eneo, lakini jina la kabila ni mambo ya watu na halijaandikwa kwenye A, C, G na T. Kuna kampuni za nje ambazo ukizitumia mate zitakurudishia asilimia: hivi vya huku, hivi vya kule. Asilimia hizo zinategemea wana sampuli za nani kwenye hifadhi yao. Wasipokuwa na Wagogo wala Wasandawe, watakupa jina la kundi la karibu walilonalo, na mwakani wakiongeza sampuli utaambiwa kingine bila DNA yako kubadilika.

Hapa nchini upimaji wa vinasaba vya binadamu una sheria yake ya mwaka 2009, na unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi huenda kule kwa mambo ya mtoto ni wa nani, ambalo ni swali jingine na jepesi zaidi, maana unalinganisha watu wa kizazi kimoja na kinachofuata. Akija mtafiti akitaka mate yako kwa ajili ya mambo ya asili, muulize ana kibali cha maadili cha hapa nchini, sampuli itakaa wapi, na majibu atayarudisha kijijini kwa lugha gani. Ukikubali wewe, umewataja na ndugu zako kwa kiasi fulani, kwa kuwa DNA hiyo mnayo pamoja, hivyo zungumza nao kwanza.

Na kabla ya mate, muweke huyo mjukuu na daftari. Aandike majina ya waliowazaa mababu na mabibi zako, wote 8 kama unawakumbuka, kila mmoja alizaliwa kijiji gani, aliongea lugha gani nyumbani, na nani alihama mwaka upi wa njaa. Mitokondria tutaisoma hata miaka hamsini ijayo kwa binti yeyote wa dada zako. Majina hayo yako kwako tu, na mtafiti asiyekuwa nayo hawezi kujua matokeo yake anayasomaje.